Chale ya Pili kwenye Mpini wa Shoka

Mama mkwe wangu Oksinya hakuwa mtu mwema, na wanaosema alikuwa mwema ni wale waliokuja mazishini kula samaki. Mimi nilikaa naye chini ya paa moja, nikanywa chai yake nyeusi asubuhi na jioni tangu nilipoolewa. Namjua. Alikuwa na ulimi mkali na mkono mzito, na kama angenisikia nikimsifu leo angeniuliza nimeiba nini.

Hapa Yagdor walimwita Mama wa Chaga, kwa kuwa kila nyumba iliyougua tumbo ilikunywa chaga, ule uyoga mgumu wa mtini, kutoka kwenye gunia lake. Alikwenda kuikata vuli, majani ya mibetula, miti ile ya ganda jeupe, yakishadondoka na yale madonge meusi yakaonekana kwa mbali ubavuni mwa miti, yamepasukapasuka kama kaa. Alikata kwenye mti ulio hai tu, tena juu, na kila donge aliliachia kipande palepale mtini likue tena. "Ng'ombe wa maziwa hachinjwi," alikuwa akisema, na akisema hivyo alinitazama mimi, kana kwamba nimesimama na kisu. Nyumbani aliikausha juu ya jiko, akaipondaponda, akailoweka kwenye chungu cha maji ya moto kando ya makaa mpaka kesho yake. Kuichemsha kwake ilikuwa dhambi. Niliichemsha mara moja, nikiwa bibi harusi, na hadithi hiyo ilisimuliwa mbele ya kila mgeni aliyekanyaga mlango wetu.

"Huyu katoka Izhma," alikuwa akiwaambia. "Huko wanajua kulungu wao wa kufugwa tu. Mti wanaufahamu wakishajigonga."

Njia ya msituni yenye mibetula hiyo ilikuwa ya marehemu mumewe, Ondrey, na hapo ndipo ulipoanzia ugomvi. Kwetu kila ukoo una alama yake, inachongwa kwa shoka kwenye miti, kwenye mashua, kwenye mpini wa kila chombo. Mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayerithi nyumba ya baba, na alama ya baba anaichukua ilivyo. Wakubwa wake, wanaotoka kwenda kujenga kwao, wanaongeza chale pembeni. Alama ya ukoo wa mume wangu ni mguu wa kunguru, mistari mitatu inayokutana chini. Mitrey, kitinda mimba, alibaki na mguu wa kunguru mtupu. Ondrey akatia chale moja. Baba yao akawagawia msitu, huyu njia yake na huyu njia yake.

Mitrey ya kwake aliimaliza mwenyewe. Alikuwa mtu wa haraka, anakata chaga mpaka anafika kwenye nyama ya mti, na mibetula yake ikakauka mmoja baada ya mwingine. Alipobaki na magogo akaanza kuitolea macho njia ya kaka yake. Ondrey alipofariki, macho yakawa mdomo. Maana desturi ni kwamba mjane anaishika njia ya mumewe madamu anaitembea mwenyewe na kuzichonga upya alama kila vuli, kabla theluji haijakaa. Vuli moja tu ikipita bila shoka, njia inarudi kwenye alama isiyo na chale. Yaani kwa Mitrey.

Kwa hiyo kila vuli Mitrey alikaa kwenye ngazi ya nyumba yake, akimtazama shemeji yake akipita na shoka, akihesabu hatua zake za kuchechemea. Na kila vuli Oksinya, akirudi, alisimama nje ya ua wa Mitrey, akarusha mfuko wa chaga juu ya uzio kama mtu anayemtupia mbwa mfupa. Mitrey alikuwa na kidonda cha tumbo tangu ujana.

"Kunywa, Mitrey!" alipiga kelele kijiji kizima kisikie. "Kunywa uishi, uone!"

"Chai ya mchawi!" Mitrey alijibu. Lakini mfuko haukuwahi kulala nje.

Vuli ninayoisimulia, Oksinya aliteleza kwenye ngazi ya shimo la viazi. Mguu ukavimba toka kifundo mpaka goti. Mume wangu Pedor, mwanawe wa pekee, alikuwa kaskazini kwenye visima vya mafuta, na zamu yake haikuwa ya kuisha kabla ya theluji. Habari zilimfikia Mitrey kabla sijamaliza kumfunga mguu yule mama. Akaja akasimama getini, kofia mkononi, uso umemnawiri.

"Shemeji! Nasikia mguu umekukataa."

"Mguu ni wangu," Oksinya alijibu dirishani. "Wewe tumbo lako limekukataa miaka yote, nani kakuuliza?"

"Nimekuja kukupa pole tu."

"Pole yako ina shoka mgongoni. Toka getini kwangu!"

Akatoka, lakini taratibu, akitazama mawingu. Yalikuwa ya kijivu na mazito. Hata mimi wa Izhma niliyaelewa.

Nikamwambia, "Mama, nitakwenda mimi."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe? Mkono wako ukigusa mti unakauka."

"Basi mwache Mitrey achukue."

Kicheko kikakatika. Alinitazama, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake. Aliogopa. Njia ile ndiyo iliyomfanya awe Oksinya. Bila hiyo alikuwa kikongwe mmoja mwenye mdomo mchafu na mguu mbovu, na alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

"Lete gogo," akasema.

Siku nzima alinichongesha mguu wa kunguru kwenye kuni, yeye ameketi juu ya kiti na fimbo. Nikikosea, fimbo. Nikipatia, kimya. Jioni mikono ilikuwa imetoka malengelenge na kuni zote za wiki zimekuwa vibanzi. "Hata kunguru mwenyewe angekuonea haya," akasema. "Nenda kalale."

Asubuhi nilikuta shoka mezani, limefungwa kwa kitambaa toka kichwa mpaka mpini. Halikuwa la Ondrey. Lilikuwa jingine, dogo zaidi.

"Usilifungue mpaka ufike. Unyevu," alisema, bila kunitazama.

"Nichonge chale moja, kama ya baba?"

"Chonga kilichopo kwenye mpini. Au na kusoma mpini Izhma hamjui?"

Niliondoka nimejaa hasira hivi kwamba baridi sikuisikia. Msitu ulikuwa mtupu, majani chini yameganda, mbwa wetu ananitangulia. Nilipofika kwenye mbetula wa kwanza, ule mkubwa kuliko yote, Mitrey alikuwa ameketi chini yake juu ya kisiki. Shoka lake liko magotini.

"Karibu, mkwe," akasema. "Umepotea?"

"Sijapotea, baba mdogo. Nimekuja kuchonga."

"Kuchonga nini? Alama ile ni ya marehemu na mjane wake. Wewe si mjane wa Ondrey. Wala mama mkwe wako hajakuchongea alama hata kwenye mwiko, kijiji kizima kinajua. Anayechonga alama isiyo yake tunamwitaje?"

Alikuwa amesema kweli, na ukweli ule uliniuma kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeusema mara nyingi, peke yangu, nikikamua ng'ombe. Bibi harusi wa kwetu akishapokewa, mama mkwe humchongea alama ya nyumba kwenye chombo chake. Miye nilikaa na vyombo vitupu.

"Mwizi," Mitrey akajijibu. "Rudi nyumbani, mwanangu. Theluji inakuja. Mwambie shemeji nimemsalimia."

Ule "mwanangu" ndio ulionikasirisha. Nikavuta kitambaa kwenye shoka kwa nguvu kikachanika. Mpini ulikuwa mpya, mweupe, na juu yake mguu wa kunguru. Pembeni yake chale. Na pembeni ya chale ile, chale nyingine, bado ina harufu ya mti mbichi. Yule mwanamke na mguu wake uliovimba alikuwa amekesha akichonga.

Mitrey aliinuka, akaushika mpini, akapitisha kidole gumba kwenye chale ya kwanza, kisha ya pili. Akarudia. Chale mpya ni nyumba mpya. Mwenye njia akiwa hai anaweza kuimegea nyumba mpya, na ikishamegwa hairudi tena kwenye alama isiyo na chale. Lakini chale hupewa wana wa kiume. Mwanamke kupewa, tena mkwe, tena wa Izhma, halikuwahi kusikika.

"Mchawi yule," akasema mwishowe.

"Nipishe, baba mdogo."

Alinipisha. Nikapiga shoka la kwanza kwenye ganda, kisha nikaligeukia donge la chaga.

"Acha kipande," alisema nyuma yangu kwa uchungu. "Utauua mti."

"Ni wewe wa kunifundisha hilo?"

Nilipogeuka alikuwa ameshaondoka. Nilichonga mpaka mbetula wa mwisho, na theluji ya kwanza ilinidondokea nikiwa njiani kurudi, gunia limenilemea mgongo.

Oksinya alikuwa dirishani. Nililitua gunia miguuni pake, nikaweka shoka juu ya meza, chale juu.

"Hii ya pili ni ya nini, mama?"

"Kwani huoni? Ni chale."

"Chale ni ya mtu anayetoka kwenda kujenga kwake."

"Basi nani kakushika? Njia ni yako. Nyumba ni ya Pedor, ukitaka kukaa kamwombe yeye." Akaingiza mkono kwenye gunia, akatoa kipande, akakinusa, akakigeuza kutafuta kosa. Hakulipata, na hilo lilimchukiza. "Umechelewa. Viazi vimepoa."

Nilitoka nje, nikalia nyuma ya rundo la kuni. Nililia kwa hasira na kwa furaha, na mpaka leo sijui ipi ilikuwa nyingi. Nilimchukia siku ile, na ningempigania na kijiji kizima.

Alikufa barafu ya mto ilipokuwa inavunjika. Mitrey alikuja mazishini, akasimama nje, hakula samaki. Walipotoa jeneza nilichoma chaga kaangoni, nikapitisha moshi wake kila pembe ya nyumba kama inavyopasa, na yeye aliufuata moshi ule kwa macho mpaka ukaisha. Kisha akaenda zake.

Vuli ikaja. Nilipita na shoka mbele ya ua wake, naye alikuwa kwenye ngazi, amekonda, kola ya shati imekuwa pana shingoni. Hakunihesabu hatua. Hakuinua hata kichwa. Nikatembea njia yangu yote, nikakata, nikaacha vipande, nikarudi. Nilisimama nje ya uzio na mfuko mkononi. Nilikuwa nimepanga kugonga mlango kiungwana, nimpe mkononi, nimwamkie kama mkwe anavyomwamkia baba mdogo. Mkono ukakataa. Nikaurusha mfuko juu ya uzio, ukatua matopeni.

"Kunywa, Mitrey!" nilipiga kelele, kijiji kizima kisikie. "Kunywa uishi, uone!"

Kisha nikasikia ngazi zikilia, na buti zikikokotwa kwenye matope. Aliuokota mfuko, akausafisha kwa mkono wa shati, akasimama nao upande wa pili wa uzio. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye ndevu.

"Chai ya mchawi," akasema.