Asubuhi Niliyomtoa Fabrice Nje

Kwangu mimi majira ya baridi yana harufu ya mchaichai uliochemshwa mpaka ukachoka, na dawa ya kupaka kifuani, ile ya kopo dogo inayowasha macho. Nikiisikia harufu hiyo hata leo, narudi Euless, karibu na uwanja wa ndege, kwenye nyumba yetu ya kupanga ya ghorofa ya pili. Tulikuwa tumetoka kambi ya wakimbizi ya Kigoma mwaka mmoja tu nyuma. Baridi ya Texas, ambayo wenyeji huicheka kwa kuwa hukaa siku tatu ikaenda zake, sisi tuliiogopa kama jambazi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na Mama aliwatii wahenga neno kwa neno: taulo kwenye madirisha, shuka kuukuu chini ya mlango, magazeti penye kila tundu. Hita iliunguruma kutwa, sufuria ya mchaichai alioununua kwenye duka la Wavietnam ilitokota jikoni, na kuta zilitoka jasho. Tuliamini kwamba mtoto haugui ndani ya joto.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mdogo wangu Fabrice alikuwa na miezi kumi, wa kwanza kwetu kuzaliwa Marekani, naye baba alimwita Mmarekani wetu na kumwogopea kuliko sisi wengine. Wiki ile alikuwa na mafua, kamasi tele na macho mekundu, mafua ya kawaida ya watoto. Kisha ikanyesha mvua iliyoganda ilipogusa ardhi. Shule zikafungwa. Baba alikuwa zamu ghalani. Mama alikuwa akifanya usafi hotelini karibu na uwanja wa ndege, na kwa kuwa ndege hazikuruka, hoteli ilijaa abiria waliokwama. Wakatuma gari dogo kuwachukua wafanyakazi alfajiri. Mama alimpaka Fabrice dawa, akamvika nguo tatu, akanishika bega. "Yvette, mlango huu usifunguliwe hata akija Baba Mtakatifu. Mama Furaha atakuja saa nne kuwaangalia." Mama Furaha alikuwa mama wa Kikongo wa jengo la pili, mtu mwenye sauti, ambaye alilea watoto saba na hakukubali mtu asahau idadi hiyo.

Saa tatu hivi Fabrice aliamka akikohoa kikohozi ambacho sikuwahi kukisikia. Kilibweka kama mtoto wa mbwa. Alipovuta pumzi, koo lilipiga mluzi, na ngozi katikati ya mbavu zake ikaingia ndani. Nilifanya kila ambacho mama angefanya. Niliongeza maji kwenye sufuria, nikapandisha hita, nikamzungushia blanketi. Akazidi. Alinitazama kwa macho makubwa, bila kulia, kwa sababu hakuwa na pumzi ya kulilia, na mimi mwenyewe nikaanza kuhisi kwamba hewa ya nyumba ile imekwisha. Sitajipamba kwa ushujaa au akili nisiyokuwa nayo: nilikimbia. Nilimfunga mgongoni kwa mbeleko, nikajitupia koti la baba likatufunika sote wawili, nikaivuta ile shuka ya chini ya mlango, nikafungua.

Niliketi kwenye ngazi ya juu kabisa, maana zilizofuata zilikuwa kioo kitupu. Magari kwenye maegesho yalikuwa yamevishwa barafu. Jambo lililonishangaza zaidi ni kimya. Sisi wa Euless tuliishi chini ya ngurumo za ndege mpaka tukaacha kuzisikia, na asubuhi ile hapakuwa na hata moja. Ndani ya kimya kile nilisikia pumzi ya Fabrice waziwazi mgongoni mwangu: mluzi, kisha mluzi mdogo, kisha pumzi tu. Mwili wake ukalegea. Baada ya muda akatoa mkono kwenye koti, akaelekeza kidole kwenye vijiti vya barafu vilivyoning'inia ukingoni mwa paa, akacheka. Nilifurahi mno. Nakumbuka nilijisemea kwamba mama akirudi nitamwambia nimepata dawa.

Mama Furaha alinikuta pale pale, akiwa anavuka maegesho hatua moja moja, kiganja kwenye magari. "Yezu wangu! Unatosha mtoto mgonjwa nje, ku baridi hii? Unataka kumuua?" Nilijaribu kumweleza. "Nyamaza! Mimi nililea saba!" Alitusukuma ndani, akarudisha shuka chini ya mlango, akazidisha moto jikoni. Mama aliporudi alasiri alielezwa kila kitu kabla hajavua viatu. Aliketi chini, akashika kichwa. Kisha akauliza swali moja tu, ingawa jibu alikuwa nalo: "Nani aliyemtoa nje?" Nikasema ni mimi. Hakunipiga. Alilia, na ningependelea kupigwa.

Jua lilipokuwa linazama kikohozi kilirudi, kibaya kuliko cha asubuhi. Mama na Mama Furaha walimfunika Fabrice kwa blanketi juu ya mvuke wa mchaichai, kama walivyofukizwa wao na mama zao kabla yao. Chini ya blanketi lile niliusikia ule mluzi ukipanda. Nilikuwa nimesimama karibu na friji. Nilijua mahali ambapo pumzi yake ilikuwa imetulia. Palikuwa hatua sita kutoka hapo, nyuma ya mlango. Mtoto aliyeambiwa anataka kuua hasemi tena "tumtoeni nje". Baba alipofika tu alimnyakua mtoto, akaendesha juu ya barafu hadi hospitali akisali rozari kwa sauti, midomo ya Fabrice ikiwa imeanza kugeuka rangi. Alilazwa siku nne na bomba la oksijeni. Akapona. Daktari alisema ni virusi vilivyovimbisha koo, lakini nyumbani kwetu hukumu ilikuwa imeshatoka.

Kwa miaka kumi na saba iliyofuata, hadithi ile haikukosekana kwenye sherehe yetu yoyote, ubatizo, komunyo, hata mahafali yangu. Mama aliisimulia vizuri, na watu walicheka mahali pa kucheka. "Huyu Yvette mnayemwona, nusura atuulie mtoto." Nami nilicheka pamoja nao. Mzaha mzaha hutumbua usaha, na mimi kidonda nilikuwa nacho. Nilikua nikijijua kuwa mtu wa kutokuachiwa mtoto. Fabrice mwenyewe, ambaye sasa ni mrefu kuliko baba na hutembea na kaptula mwezi wa Januari, alinitania kuliko wote. "Dada, umenitafutia jaketi leo, ama unataka ku-finish ile kazi?"

Sasa naishi Sugar Land, kule Houston, kwenye nyumba yenye madirisha yasiyozibwa. Nilipojifungua binti yangu, mama alikuja kunilea, kama desturi yetu inavyotaka, akaja na mchaichai wake, akakaa. Mwezi wa Januari uliopita, mtoto akiwa na miezi minane na mafua ya siku mbili, upepo wa kaskazini uliingia, na jioni nikiwa napika nikasikia kutoka chumbani ule mbweko. Mwiko ulinitoka mkononi. Mume wangu alikuwa kazini. Nilimpigia simu muuguzi wa kliniki yetu, naye akaomba nimwekee simu karibu na mdomo wa mtoto. Akauliza juu ya midomo, juu ya mbavu. Kisha akasema, kwa utulivu wa mtu anayeagiza chai: mvike vizuri, mtoe nje kwenye hewa ya baridi dakika kumi; asipotulia, au mbavu zikianza kuingia ndani, mlete hospitali mara moja. Nilimwomba arudie. Akarudia.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Huyu hutoki naye, Yvette. Si tena." Sikubishana naye. Nilimpita kwa bega, mtoto kifuani, mpaka barazani. Mama akanifuata na mbeleko, akamfunika mjukuu wake, akainamisha sikio. Tukasimama hivyo. Mluzi ukashuka, ukawa mdogo, ukawa pumzi tu. Mtoto akapiga chafya, akaangalia taa ya jirani.

"Na Fabrice siku ile," mama akasema, "alitulia hivi?"

"Hivi hivi, mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza nani aliyemtoa. Hukuniuliza alikuwa anapumuaje."

Neno hilo nililisema bila hasira, lakini nililisema, na lilikuwa limekaa ndani yangu miaka kumi na saba. Mama aliendelea kumtazama mtoto. Kisha akasema polepole, kama mtu anayejisomea barua, "Basi mimi ndiye niliyemrudisha ndani."

Nilimwambia hakuna ajuaye. Ni kweli; huenda hewa ile isingemwepusha Fabrice na hospitali, na hata muuguzi hakuniahidi muujiza. Nilimwambia pia kwamba sote tulikuwa wageni, na kwamba yeye alikuwa akifanya alichofunzwa. Aliitikia kwa kichwa, akaenda jikoni kuzima moto chini ya sufuria ya mchaichai. Tangu jioni ile hajaisimulia tena hadithi yetu. Pasaka iliyopita Fabrice alimwomba aisimulie mbele ya wageni, akajibu kwamba amezeeka, ameisahau. Miaka yote niliomba hadithi ile ife, na sasa imekufa. Lakini majuzi alfajiri, baridi iliporudi, nilimkuta barazani kwangu peke yake, amejifunga ile mbeleko mabegani, akivuta hewa ya baridi na kuitoa, akivuta na kuitoa. Mzigo nimeutua, na aliyejitwika ni mama yangu.