Kiti cha Bure cha Schaerbeek

Ngoja nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Hiyo ilikuwa siku yangu ya tatu Brussels, kwa dada Neema, mtaa wa Schaerbeek, na tayari nilijiona mwenyeji. Dada alikuwa amenieleza kwamba huku mtu akichoka na kitu chake hukiweka nje, anayekipenda akabeba. Kwetu Morogoro hata ndoo iliyotoboka ina mwenyewe!

Basi asubuhi nikakuta kiti cha sofa, cha kijani, mlangoni petu kabisa. Wanaume wawili walikuwa wakivuta sigara kando ya lori. Sijui Kifaransa, kwa hiyo nikakionyesha kiti kwa kidole, nikaonyesha ngazi zetu, nikatabasamu. Wakakipandisha mpaka sebuleni, wakakiweka nilipotaka. Nikawapa maandazi. Moyoni nikasema, Ulaya unapewa kiti na wabebaji juu!

Mchana nikasikia dada, ndiyo kwanza anatoka kazini, akiongea mlangoni na bibi mmoja wa Kizungu. Baadaye ndipo nilipoambiwa: bibi anahamia ghorofa ya juu yetu, kiti chake kimepotea, na dada alikuwa anamwapia kwamba hatujakiona. Mimi niliona mgeni amesimamishwa mlangoni tu. Aibu gani hiyo? Nikamvuta mkono.

"Karibu mama, karibu, ukae!"

Nikamkalisha kwenye kiti changu kipya. Bibi akaingiza mkono chini ya mto bila hata kutazama, akatoa miwani yake, akaivaa, akanitazama vizuri.