Jumapili Mchungaji Mwita Alipouliza Nani Ana Mlango

Mpaka leo nikisikia harufu ya samadi mbichi iliyopakwa sakafuni, mwili wangu hautulii. Kanisa letu la Gorong'a lilikuwa na sakafu ya udongo, na kila Jumamosi akina mama waliipaka samadi ili kutuliza vumbi. Harufu hiyo ndiyo iliyokuwepo siku Mchungaji Mwita alipotuaga. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Usidhani nilikuwa mtoto wa kupenda mahubiri. Kwa Mchungaji nilipenda nyumba yake. Kila Desemba, msimu wa tohara ulipoanza, wasichana waliokataa kukeketwa walikimbilia kwake, na mke wake aliwalaza chumba cha nyuma, kati ya magunia ya mahindi, mpaka msimu upite. Mwaka ule ilikuwa zamu yangu kukeketwa. Bibi, mama yake baba, alikuwa ameshaninunulia khanga mpya, na alinimiminia maziwa mgando mengi kuliko kaka zangu. Mama alishafariki. Baba alikuwa mtu asiye na maneno, na mbele ya Bibi hakuwa nayo kabisa. Basi nilishapanga moyoni: nitajifanya naenda kisimani, nitakatiza shamba la mihogo, nitabisha kwa Mchungaji.

Novemba wakubwa wa kanisa wakamhamisha.

Jumapili ya kuagana pikapu yake ilisimama nje imeshapakiwa vitanda, na juu yake kuku mmoja amefungwa miguu. Kuku yule alipiga kelele kila Mchungaji alipotaja amani. Watu walinong'ona. Wengine walisema watahamia kwa ndugu zao Isebania, wasali huko. Wengine walisema mchungaji mpya ni kijana wa Musoma asiye na mke, na kijana asiye na mke hawezi kulaza wasichana nyumbani kwake. Hilo hata mimi nililijua. Nilijikuna magoti mpaka yakatoka damu.

Mchungaji alifunga Biblia. Alisema tumpokee mwenzake bila kumpima kwa kipimo chake yeye. Alisema anajua swali tunalonong'onezana, watoto watakimbilia wapi. Kisha akashika meza kwa mikono miwili.

"Nyumba ile si yangu tena, funguo nimeshakabidhi," alisema. "Lakini ninyi hamjahamishwa. Nani hapa ana mlango?"

Wanaume waliangalia miguu yao. Mtoto mmoja alianza kulia. Ndipo kwenye benchi la nyuma baba akasimama, kofia mkononi.

"Mimi ninao," alisema. "Na binti yangu Bhoke hatakatwa."

Upande wa akina mama, Bibi alijifunika khanga kichwani akatoka.

Ibada ilipokwisha watu walipanga foleni kumuaga Mchungaji. Mimi nilijificha nyuma ya choo, nikamnyima hata shikamoo. Kwangu alikuwa mtu anayetutupa.

Desemba ile wasichana watatu walilala chumbani kwangu, mmoja akikoroma kama trekta. Kijana wa Musoma alikuja kila jioni kukaa langoni na baba. Bibi hakumsemesha mwanawe mpaka mavuno, na wanaume wa rika la baba waliacha kumwalika kwenye vikao vyao. Alikula peke yake, bila kulalamika.

Nilipokua nilielewa kwamba tulikuwa tumeupeleka woga wetu wote kwenye nyumba moja, tukaiita imani. Mchungaji angebaki, baba angeendelea kukaa benchi la nyuma, nami ningekatiza mihogo nikikimbilia kwake. Ila jambo moja nililikosea kwa miaka mingi: niliamini baba alisimama kwa sababu hakuogopa. Nilipozaa binti yangu wa kwanza nilimuuliza. Alimpakata mjukuu wake.

"Nilikuwa nasubiri mwingine asimame," alisema. "Nikaona wanachelewa."