Faili Lililofunguliwa Jumapili

Jumatatu hiyo nilikuwa hata sijavua sweta, mama wa ndengu akaingia na kufunga mlango nyuma yake. Namwita hivyo kwa sababu jina lake si langu kulitaja. Alikuwa mjane wa miaka thelathini na kitu, aliyeuza ndengu, zile choroko za kijani, akizipima kwa mkebe wa gorogoro sokoni Mukuyuni. Mimi nilikuwa mshauri katika zahanati ndogo ya kanisa, mwendo mfupi kutoka hapo sokoni. Kazi yangu ilikuwa kukaa na watu wanaomeza dawa za virusi vya ukimwi, kuwasikiliza na kuandika yale waliyoniambia ili tukikutana tena nisiwaulize upya.

Hakuketi. "Sister, ulimwambia nani?"

"Nimwambie nani nini?"

"Jana nimeingia kanisani, wanawake wawili wakainuka kwenye benchi yangu. Wakahama. Mmoja ni mtu tumeimba naye kwaya miaka minne." Sauti yake ilikuwa chini sana, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Hii dunia yote, mtu niliyemwambia kwa mdomo wangu ni wewe."

Nikamwapia kwamba sijafungua mdomo. Aliniangalia kama mtu anayeangalia mizani iliyochezewa, kisha akatoka. Dawa zake za mwezi alikuwa amekuja kuchukua. Aliziacha.

Nilibaki nimeshika ukingo wa meza. Mbele yangu kulikuwa na ile laptopu ya zahanati, imewashwa, iko wazi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote. Haikuwa na paswadi. Muuguzi mkuu aliitumia kuandika hesabu ya dawa, mwenyekiti wa kamati ya zahanati aliitumia kuchapa matangazo ya kanisa, na mimi niliweka humo maandishi ya wagonjwa wangu, kila mmoja na faili lake, kila faili na jina kamili la mwenyewe. Miaka miwili niliona ni sawa. Paswadi ingetusumbua, nilijiambia. Sisi ni watu wa nyumba moja.

Nikafungua ile programu ya kuandikia na kutazama orodha ya mafaili yaliyofunguliwa karibuni. Faili la mama wa ndengu lilikuwa humo. Lilifunguliwa Jumapili ya wiki iliyotangulia, saa nane mchana.

Jumapili zahanati hufungwa. Funguo zilikuwa na watu watatu. Muuguzi mkuu alikuwa likizo kwao. Mimi siku hiyo nilikuwa safarini Mwingi, kwenye mazishi ya shemeji yangu. Akabaki mwenyekiti, mzee wa kanisa niliyemheshimu, mtu aliyenitetea nilipoajiriwa. Nilijua, lakini kujua si ushahidi. Kompyuta ambayo kila mtu anaingia kwa mlango mmoja haiwezi kukuambia ni nani aliyeingia.

Nikampigia binti wa dada yangu. Ana kibanda cha kutengeneza kompyuta huko Mwingi, na hana subira na watu wa umri wangu.

"Anti, unataka kuniambia mambo ya wagonjwa yamekaa hapo bila paswadi?"

"Ndiyo."

"Aiya! Na unalala?"

"Nisaidie kwanza, utanigombeza baadaye. Ninunue programu gani?"

"Usinunue chochote. Kila kitu kiko ndani ya hiyo mashine tayari. Ni vile tu hujawahi kukiwasha."

Jioni hiyo na Jumanne nzima, kila nilipopata nafasi, nilikaa na simu sikioni. Kwanza akaniambia nitengeneze akaunti tatu, kila mtu na yake. Ya mwenyekiti ingemwezesha kuandika na kuchapa basi, isiweze kuona yaliyo katika yangu wala kubadilisha mpangilio wa mashine. Paswadi yangu akataka iwe ndefu, maneno manne yasiyohusiana. Nikachagua maneno ya Kikamba ambayo nyanya yangu aliyatumia kuwaita mbuzi. Tukaweka skrini ijifunge yenyewe baada ya dakika tatu. Akanifundisha kubonyeza vibonye viwili na kuifunga papo hapo, hata nikiinuka kwenda kuchukua maji tu. Tukawasha kinga ya virusi vya kompyuta ambayo mtu, sijui nani, alikuwa ameizima. Ikakagua mashine yote kwa zaidi ya saa moja na sikuthubutu kuondoka. Tukapakua masasisho ya programu yaliyokuwa yanangoja tangu sijui lini.

"Sasa diski," akasema. "Paswadi peke yake haitoshi. Mtu anaweza kutoa diski, aiweke kwa mashine ingine, asome kila kitu."

"Inawezekana?"

"Mimi hufanya hivyo kila wiki, Anti, nikiokoa vitu vya wateja. Lazima tuisimbe, maandishi yote yageuzwe yasisomeke bila ufunguo."

Ufunguo wenyewe ulikuwa msururu wa tarakimu arobaini na nane. Niliziandika kwa mkono kwenye karatasi, nikazisoma kwa sauti mara mbili, nikaipeleka karatasi nyumbani na kuiweka ndani ya droo ya cherehani. Kazi ya kusimba ikaanza. Ilikwenda polepole kama mtu anayepalilia shamba peke yake. Stima ikapotea, betri ikaisha, nikangoja mpaka Jumatano asubuhi kuiwasha tena. Ikaendelea pale ilipoishia.

Saa tano hivi mwenyekiti akaingia. Alivua kofia, akavuta kiti, akagusa kibodi. Skrini ikamwuliza yeye ni nani.

"Hii ni nini?"

"Tumeweka akaunti, mzee. Yako ndiyo hiyo ya katikati. Utachapa matangazo kama kawaida."

Akaingia, akatafutatafuta. Kisha akageuka. "Mafaili mengine yako wapi?"

"Gani?"

"Ya hapa. Ya zahanati."

"Ya wagonjwa yako kwangu."

"Hii kompyuta ilinunuliwa na kanisa, mwalimu." Aliniita mwalimu alipotaka kuniweka mbali. "Nipe hiyo namba yako ya siri."

"Kompyuta ni ya kanisa. Yale niliyoambiwa ndani ya chumba hiki si ya kanisa. Na si yangu pia."

"Unanikatalia?"

Nilifikiria mshahara wangu, nikafikiria wale wanawake wawili waliohama benchi. "Nakukatalia, mzee."

Akachomoa waya. Akafunga laptopu, akaiweka kwapani. "Kuna fundi mjini Wote atakayeifungua kabla ya jioni," akasema, akatoka.

Nilipompigia binti wa dada yangu, aliniuliza swali moja tu. "Kusimba kulikuwa kumefika wapi?"

"Asubuhi niliona sabini na moja kwa mia. Baada ya hapo sikuangalia."

Nikasikia akizima redio ya kibandani. "Kama ilimaliza, hakuna fundi ataisoma. Kama haikumaliza..."

"Sema."

"Ile sehemu iliyobaki, fundi mzuri anaweza kuipata."

Siku mbili sikuweza kula. Watu thelathini na tisa walikuwa na mafaili kwenye mashine ile. Nilikumbuka kila mmoja na lile alilonikabidhi: mwalimu ambaye mkewe hakujua, msichana wa sekondari aliyezaliwa na virusi. Nilikuwa nimewaambia wote, kwa maneno yaleyale, "Hapa uko salama." Nilimpigia muuguzi mkuu nikamweleza yote, na sehemu yangu pia, kwamba mlango niliuacha wazi mwenyewe. Alikatiza likizo yake.

Ijumaa mwenyekiti alirudi na laptopu. Muuguzi mkuu alikuwa ameketi nami. Mzee aliiweka mezani taratibu na kubaki amesimama.

"Fundi anasema anaweza kuifuta yote, lakini kuisoma hawezi."

Nilishusha pumzi kwa nguvu hata muuguzi akanishika mkono.

"Mzee," muuguzi akamwuliza, "Jumapili ile ulifungua faili la nani?"

Nilidhani atakana. Alikaa, akaiweka kofia magotini. "Ndugu yangu mdogo anataka kumwoa yule mama. Nilisikia fununu. Nilitaka tu kujua, nimlinde ndugu yangu. Nikamwambia mke wangu peke yake."

Mke wake alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani.

Kabla mwezi haujaisha aliacha uenyekiti. Kanisani walisema ni kwa ajili ya afya yake. Muuguzi mkuu aliandika barua ya malalamiko kwa ofisi ya afya, akaeleza lililotokea, na mimi nikatia sahihi chini, nikikiri uzembe wangu. Nilionywa kwa maandishi. Niliona ni haki.

Jumamosi ya baada ya laptopu kurudi nilienda sokoni. Nilimkuta mama wa ndengu akipepeta kwenye ungo, vumbi likimrudia usoni. Niliinama nikamwambia yote, bila kuficha: kwamba faili lake lilisomwa, ni nani aliyelisoma na kwa nini, na kwamba lilisomeka kwa sababu mimi sikulifunga. Aliendelea kupepeta.

"Ndiyo sababu alilisoma? Kwa ajili ya ndugu yake?"

"Ndivyo alivyosema."

Akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Huyo ndugu yake nilimwambia mwenyewe. Siku ya kwanza aliponiuliza kama nitaolewa. Akaniuliza tu kama nameza dawa vizuri, nikasema ndiyo, akasema basi." Akamwaga ndengu safi guniani. "Mngeniuliza mimi. Mtu mmoja tu angeniuliza."

Nikamwambia kwamba laptopu sasa imefungwa, kwamba hata fundi ameshindwa.

"Ni vizuri," akasema. "Kwa wale wengine."

Aliomba barua ya kuhamishiwa kituo kingine, upande wa Kiboko, ambako hakuna anayemjua. Niliiandika Jumatatu. Nilipomaliza nilifunga skrini, nikamtolea barua nje, kwa sababu hakutaka tena kuingia kile chumba. Yeye na ndugu wa mwenyekiti walioana Desemba, kwenye kanisa lingine. Sikualikwa, wala sikutarajia. Wale thelathini na wanane wengine niliwaeleza mmoja mmoja, kila alipokuja, ana kwa ana. Tisa walihama. Waliobaki huniuliza wakati mwingine, kabla hawajaketi, kama mashine imefungwa, na mimi huwageuzia skrini waione.