Jina Upande wa Ndani

Nzuki Mulei hakupenda jina lake liandikwe popote. Kompyuta zilikuwa zake, kodi ya miezi ya mwanzo aliilipa yeye, hata nondo za dirishani alizichomelea kwa mkono wake. Lakini mlangoni, kwa rangi ya mafuta, kila kijana aliyekabidhiwa kibanda ilimlazimu aandike jina lake mwenyewe. Hilo lilikuwa sharti lake pekee.

"Mteja akiharibiwa simu, ajue anamtukana nani," alisema.

Alikuja Nairobi kutoka Kitui akiwa fundi wa redio, akapanga chumba Silanga, mtaani Kibera, karibu na bwawa. Redio zilipokosa wateja akahamia simu. Baadaye akawa ananunua kompyuta zilizotupwa na ofisi za mjini, anazifufua, anafungulia vijana vibanda na kugawana nao faida. Watu wa mjini walisikia habari zake, wakamwalika hotelini, wakamwita mwekezaji malaika, yaani mtu anayetia mtaji kwenye biashara changa. Alirudi nyumbani akamweleza mkewe, Wanza, aliyekuwa akichagua maharagwe.

"Malaika?" Wanza akasema. "Na anakoroma hivyo?"

Kati ya wote aliowaamini, hakuna aliyemtia tumaini kama Shiru. Kila asubuhi binti huyo alitoka kwao Kawangware kuja Soweto East, hapo hapo Kibera, kwenye kibanda kilichoandikwa kwa buluu SHIRU COMPUTERS. Kwa miaka miwili alikuwa akiandika programu ya kuhesabu dakika za wateja wa saiba, wanaolipia intaneti, programu isiyopoteza hesabu hata stima ikipotea. Ilikuwa ndani ya mashine moja, chini ya meza yake. Walikuwa wamekubaliana kuinakili na kuanza kuiuza mwaka mpya ukifika.

Kabla mwaka haujafika, matokeo ya kura yakatangazwa, na Kibera ikawaka. Waliochoma walidai rais, Mkikuyu, ameiba kura, nao wakasoma milango. Jina lilitosha kuwaambia mwenye duka ni wa kabila gani, na majina ya Kikuyu, kama hilo la Shiru, yakatangulia kuungua. Safu ya kibanda cha Shiru ilipona siku ya kwanza. Asubuhi iliyofuata Shiru akapiga simu kutoka Kawangware.

"Fundi, nitolee ile mashine. Itie hata kwa gunia."

"Nikionekana na kompyuta saa hii si nitapokonywa? Iache tu. Niko na rangi."

"Rangi ya nini?"

"Naandika jina langu hapo. Sisi Wakamba hatuna kesi na mtu."

"Kwa hivyo langu unafuta."

"Ni ya siku chache, Shiru. Hii maneno ikiisha unarudisha."

"Fundi, si uitoe tu."

Rangi iliyobaki kwenye mkebe ilikuwa haba, na maduka yote yalikuwa yamefungwa, kwa hiyo akaizimua kwa mafuta ya taa. Akaifunika ile buluu kwa kijivu chepesi, na juu yake akaandika kwa makaa yaliyosagwa: NZUKI, MKAMBA. Herufi zilipinda kama za mtoto.

Jina likafanya kazi. Kundi lilipita na mapanga, mmoja akasoma kwa sauti, "Hii ni ya Nzuki, wachana nayo," wakaendelea kwa jirani. Nzuki alisimulia jambo hilo mara nyingi. Barabara ilipotulia, Shiru akamwomba tena aitoe mashine, naye akamjibu kwamba hakuna mahali salama kuliko pale ilipo. Ukweli ni kwamba alikuwa ameanza kupenda kupita pale bila shughuli yoyote, kulitazama tu jina lake.

Siku chache baadaye redio ikatangaza kwamba kiongozi wa watu wa kwao amejiunga na serikali ya rais huyo huyo, amepewa cheo kikubwa. Nzuki alichukua gunia bila kuaga. Alipofika Soweto East, mlango wa bati wa kibanda ulikuwa umeshang'olewa na kulazwa kando, na mbele yake walisimama vijana wenye petroli. Mmoja aliwahi kutengenezewa simu hapo hapo.

"Niaje, Nzuki. Si ulisema hamna kesi?"

"Ndugu yangu, mimi si serikali."

"Wacha hiyo. Hii duka ni yako ama si yako?"

Nzuki akautazama ule mlango chini. Akisema ni lake, litaungua kwa jina la juu. Akisema ni la Shiru, litaungua kwa jina la chini. Hakuwa na jina la tatu.

Akakunja gunia.

"Songa basi, mzee wangu," kijana akamwambia, karibu kwa upole. "Usiungue bure."

Miezi ikapita, amani ikatiwa sahihi. Siku moja, akikatiza Silanga, Nzuki aliliona bati lake likiwa mlango wa choo. Mvua ilikuwa imeibandua ile rangi ya mafuta ya taa, na kupitia vipande vya NZUKI ilichungulia buluu. Akampa mama mwenye choo bati jipya, akachukua lile.

"Malaika ananunua mlango wa choo!" mama yule akawaitia majirani. "Njooni muone!"

Akalibeba hadi Kawangware, ambako Shiru alikuwa akijijengea kibanda kwenye ploti ya jirani yao, Mzee Muiruri. Alilisoma kutoka mbali, akarudi kwenye misumari yake.

"Nilikuambia uitoe."

"Uliniambia." Nzuki alikuwa ameshika mkebe wa rangi mpya, ya buluu. "Ile programu, huwezi kuiandika tena?"

"Ile niliandika nikidhani watu wote ni wateja."

Alichukua bati, akaligeuza, jina likatazama ndani, na kuliegemeza kwenye fremu ya mlango. "Shika hapo, Fundi. Usilegeze."

Nzuki akashika, naye Shiru akapigilia. Mwanamke aliyekuwa akipita na simu iliyopasuka kioo akasimama, akalitazama lile bati tupu.

"Hapa ni kwa nani?"

"Tunatengeneza simu," Shiru akajibu, akapigilia msumari wa mwisho. "Lete nione."