Mama Asiye na Kitambulisho

Sina faida yoyote ya kukudanganya. Kisa hiki kinaniharibia kazi, na hakuna mtu anayejitungia uongo wa kujiharibia kazi. Niamini, au soma tu upoteze muda. Mimi nitasimulia kilivyotokea.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikitoka kazini, kwenye maegesho ya hoteli moja hapa Alexandria ya Marekani, nataka sofa, chai na rimoti. Mke wangu anasema sofa limeshapata umbo langu, nikifa wanizike nalo. Kanisani niliacha kwenda kwa uvivu, na miaka ikapita ndipo nikagundua kwamba kweli siamini. Hilo la pili mke wangu amelisamehe. Uvivu bado.

Sasa mtu kama huyo anafanya nini gerezani? Hapa wafungwa hutembelewa na watu wa dini zao: mchungaji, padri, sheikh. Wasio na dini nao wana wa kwao, mtu wa kujitolea anayekaa nao na kuwasikiliza. Nilifundishwa, nikapewa kadi, na askari wa getini wananiita chaplain, yaani kasisi wa gereza, mimi wa kidato cha nne. Sisi hatusali wala hatuahidi pepo. Tuna sharti moja zito: usimpe mfungwa faraja ambayo wewe mwenyewe huiamini.

Sharti hilo ndilo lililonitia matatani.

Jumamosi moja ya Januari niliitwa kwa ajili ya Mtanzania mmoja aitwaye Athumani. Mama yake alikuwa amefariki kwao Singida, na tangu apate habari alikuwa hali chakula. Sheikh alikwenda, akamwambia mama yuko pema. Athumani akageukia ukutani. Akaja mchungaji, ukutani vilevile. Daktari wa pale akasema mtu huyu hatafika mbali. Basi wakasema, mleteni yule asiyeamini chochote, angalau wanaongea lugha moja.

Nilifika mchana, viatu vyangu vimejaa theluji ya matope. Nikafungia simu na funguo kabatini, nikakaa kwenye viti vya kusubiri. Kwenye kiti cha pili kutoka changu alikuwepo mama mtu mzima: kanga kichwani, sweta ya kijani, kandambili miguuni. Unadhani nilishtuka? Wala. Hapa kwetu akina mama wanaletwa kutoka nyumbani kulea wajukuu, na wengine viatu vya kufunga hawavikubali hata uwabembelezeje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Baridi gani hii?"

"Na kandambili tena, mama?"

"Ndizo nilizokuwa nazo." Akanitazama tumbo. "Wewe naona unakula kwa niaba ya wenzako. Unaingia humo?"

"Naingia."

"Mimi hawanipitishi, sina kitambulisho. Umwambie mwanangu Athumani, ile Alaska yake niliijua tangu zamani. Nilinyamaza asije akaona haya. Sasa ale."

Nilijua mama mzazi amefariki, kwa hiyo nikaona huyu ni mama mdogo. Kwetu mtu ana akina mama wengi, si ndiyo? Hiyo Alaska sikuielewa, nikadhani baridi imemchanganya. Alinukia moshi wa kuni. Ndani ya jengo linalonuka dawa ya kusafishia sakafu, moshi wa kuni. Nikaitwa jina, nikanyanyuka.

Athumani alikuwa amebaki mifupa na macho. Nikakaa kimya, maana ndivyo tulivyofundishwa.

"Hunisomei kitu?" akauliza hatimaye.

"Sina cha kukusomea."

"Wala huniambii yuko pema?"

"Sijui aliko, ndugu yangu."

Hapo ndipo alipogeuka. Akaniambia kwamba alipofungwa aliona aibu, akamdanganya mama yake kuwa amepata kazi kiwanda cha samaki Alaska, ambako mtandao ni wa shida. Kila akipiga simu anasimulia barafu. Siri hiyo hakumpa mtu yeyote.

"Nimemfanya mjinga mpaka kaburini," akasema. "Sasa nile chakula cha nini?"

Hapo nikakumbuka ile Alaska ya yule mama. Nikamwambia, "Mama yako mdogo yuko hapo nje."

"Mama hakuwa na dada. Na hapa Marekani sina ndugu."

"Amevaa sweta ya kijani."

"Nilimtumia mimi," akasema polepole. "Hakuivua hata kwenye jua. Ndiyo aliyokuwa nayo alipoanguka jikoni."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mizimu siiamini. Kumpa neno la marehemu ni kuvunja sharti. Lakini yale maneno nilikuwa nimeyasikia kwa masikio yangu haya, na kuyaficha nako ni uongo. Nikamwambia yote, neno kwa neno, mpaka lile la "sasa ale".

Aliinamisha kichwa. Mabega yakaanza kutikisika, sikujua kama anacheka au analia. Nadhani vyote.

"Angenieleza sheikh nisingeamini, ningesema ndiyo kazi yake," akasema. "Wewe huamini chochote. Alaska ungeitoa wapi?"

Akavuta sinia ya mchana. Maharage yameshaganda, mkate mkavu. Akala taratibu, akamaliza, akafuta sinia kwa kipande cha mwisho.

Nilipotoka, kiti kilikuwa tupu. Mbele ya kiti changu sakafu ilikuwa imetapakaa matope. Mbele ya chake, kavu kabisa. Nikamuuliza askari yule mama amekwenda wapi.

"Mama gani? Ulikuwa unaongea na simu kwa lugha yenu."

Simu yangu ilikuwa kabatini, nimeshasema.

Gerezani bado nakwenda. Athumani anakula, amenenepa hata ananitania tumbo kama mama yake. Mke wangu huniuliza, "Sasa unaamini?" Namwomba rimoti. Lakini harufu ya moshi wa kuni ikinipitia mahali pasipo na moto, naketi wima na kuamkia, hata kama mbele yangu hakuna mtu.

Nawe ukikaa kwenye viti vile, mama akakutuma neno, lifikishe kama lilivyo. Na kama ni wewe uliyemdanganya mama yako kuhusu uliko, mpigie leo. Anajua. Usimngojeshe hadi aje mwenyewe, kwa kandambili, kwenye baridi hii.