Siku Kilio cha Mama Kilipopimwa

Kilio cha kwanza cha msiba hakifanani na sauti nyingine yoyote. Kinaanza juu, kinakatika, kisha kinarudi kikiwa kimebeba jina la marehemu. Kule Nkuhungu, Dodoma, nilikokulia, kilio hicho ndicho kilikuwa tangazo. Aliyekisikia aliepua chungu, akajifunga khanga kiunoni na kufuata sauti, bila kuuliza msiba uko wapi. Bi Mwajuma, jirani yetu muuza vitumbua, ambaye ukoo wake uliingia Dodoma na misafara ya biashara enzi za mababu, alikuwa akijitania kwamba mguu wake mbovu humuuma akialikwa harusini, lakini akisikia kilio unapona. Nilikuwa darasa la sita, na nilidhani dunia nzima inaishi hivyo. Lo, kumbe!

Wakati huo watumishi walikuwa wakihamia Dodoma kuifuata serikali, na kiwanja cha pembeni yetu, tulichozoea kuchezea rede, kikaota nyumba ya bati jekundu na ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu. Waliohamia ni Bwana Msofe na mkewe, watu wazima, kutoka Dar es Salaam. Hawakuwa watu wabaya. Walisalimia vizuri, ila salamu zao ziliishia getini. Bibi yangu, mzaa mama, aliyeletwa kutoka Kibakwe kuja kutibiwa, alikuwa akiutazama ukuta ule na kuuliza, "Hawa wanamficha nani?" Tulicheka. Kiangazi kilikuwa kikali mwaka ule, upepo ukileta vumbi mpaka ndani ya chungu cha mlenda, na bibi akazidi kudhoofika. Alifariki asubuhi moja, chai yake ikiwa bado ya moto pembeni ya kitanda.

Jamani, mama yangu alilia! Alitoka uani, mikono kichwani, akaita, "Mama weee, umeniachia nani?" Kabla jua halijapanda, ua ulikuwa umejaa wanawake, kila anayeingia akipokea kilio mlangoni na kukipeleka ndani. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia, na siku ile niliiona methali hiyo kwa macho yangu. Kesho yake, tukiwa tunawasubiri ndugu wa Kibakwe wafike tuzike, akaingia kijana mmoja aliyechomekea shati vizuri, mkononi ana kitu kama rimoti, chenye sponji nyeusi juu.

"Shikamooni mama zangu, poleni na msiba," alisema. Kisha, akitazama chini, akasema ametumwa na ofisi ya mazingira kupima kelele, maana kuna jirani amelalamika. Mimi nilidhani kapotea njia. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na baa yenye spika kubwa kuliko kabati letu la vyombo. Bi Mwajuma naye alidhani hivyo hivyo, akamwelekeza kwa upole, "Baa iko kule, baba. Hapa tumefiwa."

"Najua, mama. Nimetumwa hapa."

Kijana aliinua kile kidude, na wakati huo huo mama zangu wadogo wakaingia kutoka stendi, mama akawapokea kwa kilio. Tarakimu zikapanda, taa ndogo ikawa nyekundu. Kilio cha mama yangu kilipimwa kwa mashine, mbele ya macho yangu, na kikaonekana kimezidi! Kijana akaeleza, kama mtu anayekariri somo, kwamba mji umewekewa viwango, viwandani kiasi chake na kwenye makazi kiasi chake, mchana mbali na usiku mbali, na kwamba wenye baa wanacho kibali. "Basi mpime na mbuzi wangu," Bi Mwajuma alidakia, "maana naye anapiga kelele na kibali hana." Hakuna aliyecheka. Mama akafuta uso kwa khanga, akamsogelea.

"Hebu nieleze, mwanangu. Kelele ni nini?"

"Ni sauti asiyoitaka yule anayeisikia, mama."

Mama alimtazama sana. "Hata mimi sikuitaka," akasema.

Kijana akazima kidude chake. Alituomba tupunguze sauti, akarudia pole, akaondoka akiwa ameinamisha kichwa. Mama akajiziba mdomo kwa khanga, na bibi yangu, aliyewalilia wafu wa nusu ya Kibakwe, akazikwa kwa minong'ono. Ikawa mtaa mzima umeingiwa na hofu. Aliyefiwa alituma mtoto apite nyumba kwa nyumba, akibisha hodi kama anayeuza mayai. Nani mwingine angelalamika ila mwenye ule ukuta? Nilimchukia Bwana Msofe chuki ya kitoto, ile isiyolala. Kila nilipopita getini kwake nilisonya.

Mvua za kwanza zikanyesha. Jumapili moja asubuhi mama alikuwa akianika nguo, mimi nikimshikia beseni, tukasikia nyuma ya ukuta kitu kama mtu anakohoa. Kinanyamaza, kinarudi. Mama akaacha nguo kwenye tope, akaenda kubisha lile geti, nami nyuma yake. Halikuwa limefungwa. Ndani tulimkuta Mama Msofe amekaa sakafuni, kajisokomezea khanga mdomoni, macho yamemtoka, na mumewe yuko kwenye kochi, amekwisha kufa tangu alfajiri. Mama akamtoa ile khanga taratibu. Mjane akasema amewapigia simu ndugu zake, wako njiani kutoka Dar, na kwamba mumewe alikuwa mgonjwa wa moyo, daktari alimwambia akae pasipo na makelele. "Naogopa kulia kwa sauti, dada," alisema. "Mwenyewe hakupenda. Na nyinyi, baada ya kuwashtaki, ningewatazamaje?"

Nilimtazama mama, nikingoja amwambie la kumchoma. Nilitaka amwambie! Mama akatoka uani kwa watu wale, ndani ya ukuta ule wa chupa, akaweka mikono kichwani, akalia. Aliita jina la Bwana Msofe kama anamwita kaka yake. Wa mbali ndiye aliyeanza siku ile. Mjane akapokea, sauti yake ikapasuka, na Bi Mwajuma akaja anachechemea, mikono imejaa unga wa vitumbua, na nyuma yake mtaa mzima. Hakuna aliyeleta mashine. Nami niliyekuwa nikisonya pale getini nililia mpaka kwikwi zikanishika.

Siku hizi naishi kwenye nyumba za ghorofa, huku huku Dodoma. Ngaziani pamebandikwa tangazo la kututaka tutunze utulivu, na kwa kweli tunautunza. Mwezi uliopita nilisoma kwenye simu, kwenye kundi la wapangaji, kwamba mzee wa chini yangu amefariki tangu juzi. Chini yangu! Nimekanyaga dari yake siku mbili nikipika na kufagia, sikusikia hata kikohozi. Watu walikuwa wameandika pole, mmoja baada ya mwingine. Nikampigia mama.

"Nani alianza kulia?" aliuliza.

"Hakuna, mama."

"Neema," akasema, "shuka."

Nilishuka. Mjane alifungua mlango, macho makavu, akanikaribisha kwa sauti ya chini kama tuko maktaba. Nilitaka kusema pole, ikagoma. Kilichotoka ni kilio kile cha uani kwetu, na yule mama akanishika mabega, akakipokea. Juu milango ikaanza kufunguka. Jirani wa kwanza aliteremka mbio, uso umekunjwa, kuja kutukemea. Alipofika mlangoni, akavua viatu.